Jangwa Letu Dogo: Kutembeza Watoto Penye Vilima vya Shaba

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kaske, viatu vya kazi na mashini. Leo tunazungumza juu ya siku ya mapumziko. Siku ya posho jioni watoto wanauliza: "Baba, kesho tunatembea wapi?" Maporomoko ya Lofoi, ndani ya mbuga ya Kundelungu iliyoanzishwa mwaka 1970, ni mazuri sana, lakini ni mbali na safari yake inaomba motokari na feza. Karibu na Likasi kuna pahali pengine, penye kufaa hata kwa mutoto wa miaka sita. Ni vilima vya shaba.

Hatuna Sahara kwetu. Lakini ukitoka Likasi kuelekea Kambove, utaona pori la miti, na kwa gafula kilima kisicho na muti hata mumoja. Ni majani mafupi, mawe na jua tu. Watoto watafikiri wamefika jangwani.

Juu ya nini miti haioti pale?

Waeleze watoto hivi: ndani ya udongo wa kilima hiki kuna shaba nyingi, na pengine kobalti pia. Shaba nyingi ni sumu kwa mizizi ya muti. Mimea michache tu imezoea udongo ule. Mumoja ni ule wataalamu wanaouita Haumaniastrum katangense, na wengine wanauita ua la shaba. Ni mumea mudogo. Watu wanaotafuta shaba wanauangalia sana, kwa sababu unapenda kuota pahali penye shaba.

Wazee wetu walijua vilima hivi mbele ya kampani yoyote kufika. Walichimba mawe ya kijani, yaani malakite, wakayayeyusha kwa makaa ya miti, wakatengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama feza. Ile misalaba mitatu iliyokuwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960 inatoka katika kazi hiyo. Hapo mutoto anajifunza juu ya udongo, mimea na historia ya kwao kwa asubuhi moja.

Majangwa mawili, si moja

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hili ndilo somo lenyewe. Kwetu kuna majangwa ya namna mbili. Moja liliumbwa na Mungu: ni kilima cha shaba. La pili liliumbwa na kazi yetu: ni muchanga unaotupwa na viwanda kisha kutoa shaba na kobalti. Watoto wanapenda lile la pili zaidi, kwa sababu muchanga wake ni laini na mutelemuko wake ni muzuri kwa kuteleza juu ya kipande cha karito. Kila mutu wa kampi amekwisha kuona muchezo huo.

Tofauti yake ni hii:

1. Kilima cha Mungu kina majani, maua madogo na mawe makubwa. Mizizi inashika udongo, na vumbi ni kidogo.
2. Jangwa la kiwanda ni sawasawa kama meza, ao lina kuta zilizojengwa pembeni. Muchanga wake ni laini kama unga. Mara nyingi hakuna majani hata kidogo. Upepo wa wakati wa jua unaupeleka mbali.
3. Kisha mvua, juu yake panaonekana pakavu, lakini chini ni tope. Mutoto anaweza kuzama ndani yake.

Usifikiri vumbi lile ni kama vumbi la barabara. Ndani yake munabakia shaba, kobalti na metali zingine. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mukojo wa watu wa Katanga. Waliona kobalti nyingi kwa watu wanaokaa chini ya kilometa 3 na muchimbo ao kiwanda, na watoto walikuwa nayo kupita watu wazima. Juu ya nini watoto? Kwa sababu wanacheza chini, wanapumua mbio, na mukono unaenda kinywani kila mara.

Baba anayevaa kinga juu ya vumbi kazini, kisha anaacha mutoto wake kuteleza ndani ya vumbi lile lile siku ya Mungu, amekinga mutu mumoja tu wa nyumba.

Pahali pa kukataa kabisa

Usipeleke mutoto Shinkolobwe, hata kwa kuangalia tu. Ule ni muchimbo wa uraniamu. Madini yake yalitumiwa kutengeneza bomu la Hiroshima la mwaka 1945. Serikali iliufunga kwa amri ya Rais mwezi wa Januari 2004, na mwezi wa Julai mwaka ule ule udongo uliporomoka ukaua wachimbaji.

Kataa vilevile mashimo ya wachimbaji wa mikono. Ukingo wake unaweza kubomoka chini ya miguu ya mutoto. Maji ya kijani ao ya buluu ndani ya mashimo si ya kuoga wala kunywa. Na kama kilima kiko ndani ya mipaka ya kampani, usiingie pasipo ruhusa. Uliza kwanza.

Matayarisho

Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, rudi mbele ya saa tano. Penye kilima hakuna kivuli, na jua la kwetu, kwenye urefu wa metre zaidi ya 1.000 juu ya bahari, linachoma hata wakati wa baridi. Beba haya:

- maji safi ya kunywa, litre moja kwa kila mutoto, na bidoni ndogo ya maji ya kunawa pamoja na sabuni;
- kofia ao kitambaa cha kichwa;
- viatu vyenye kufunika muguu, si sandali;
- chakula kilichofungwa vizuri.

Mutu muzima mumoja aende mbele, mwingine nyuma, watoto katikati. Muelezee jirani munaenda wapi na saa gani munarudi. Wakati wa jua, ukiona moshi wa moto wa pori, rudi. Wakati wa mvua, ukisikia ngurumo, shuka mara moja. Kilima kitupu ni pahali pabaya penye radi.

Kule juu na kisha kurudi

Muache mutoto aangalie jiwe la kijani, alishike, aulize. Asililambe, wala asililete nyumbani. Udongo wa kilima cha Mungu pia una shaba. Kwa hiyo kila mutu anawe mikono kwa sabuni mbele ya kula. Asiingize mukono chini ya mawe: nyoka wanalala pale. Nyumbani, acha viatu inje ya mulango, oga, na fua nguo za matembezi peke yake.

Kama mutoto anaumwa kichwa, anatapika ao anazungukwa na kizunguzungu, mupeleke kivulini, mupe maji kidogo kidogo, mulowanishe kichwa na shingo. Kama hapati nafuu, ao anaanza kusema ovyo, hospitali mara moja. Kama nyoka amemuuma, usikate, usinyonye, usifunge kamba. Mutulize, muguu usitikisike, mubebe mpaka hospitali.

Maswali ya kuuliza watoto mezani

1. Juu ya nini miti haioti kwenye kilima cha shaba?
2. Utajua namna gani jangwa la kiwanda?
3. Tunafanya nini mbele ya kula?

Mutoto akijibu yote matatu, amejifunza usalama kupita wakubwa wengine. Na siku rafiki zake watakapomwita kuteleza kwenye muchanga mweupe, wewe ukiwa kazini, atajua mwenyewe kusema hapana.

Matembezi mema.