Kompyuta ya Ofisi Ina Kalenda Yake
Mwongozo kwa mawakala wa forodha, wenye saiba na wenye maduka wa Busia na Malaba

Kwa nini kijitabu hiki?
Siku hizi stakabadhi za mzigo hupita mtandaoni. Kompyuta ya wakala ikigoma asubuhi ya foleni, lori halisogei, na dereva anakula pesa ya safari. Mara nyingi mgomo huo unatokana na matengenezo ambayo hayakupangiwa siku.

Mfumo wa kutunzwa muda mrefu
Mfumo endeshi ndio programu inayobeba programu nyingine zote. Watengenezaji wa mfumo endeshi wa Ubuntu hutoa toleo la kutunzwa muda mrefu kila baada ya miaka 2, mwezi wa Aprili, na kulitunza bure kwa miaka 5. Toleo la 22.04 lina matunzo hayo hadi 2027, na la 24.04 hadi 2029.

Toleo la matengenezo
Fikiria kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018. Lori linaloingia Uganda husimama mara moja, upande wa Uganda, na maofisa wa Kenya na Uganda humaliza kazi yao hapo. Toleo la matengenezo nalo ni hivyo: marekebisho ya miezi kadhaa hukusanywa pamoja, ili anayeweka mfumo kwenye kompyuta mpya ayapate kwa mkupuo bila kumaliza bando. Kompyuta inayosasishwa kila mara haihitaji kuwekewa mfumo upya.

Tarehe inaweza kusogea
Watengenezaji hutangaza tarehe mapema, husimamisha mabadiliko mapya, kisha hupima. Kosa likionekana, husubiri. Ubuntu 24.04.1, toleo la kwanza la matengenezo la 24.04, ilipangiwa 15 Agosti 2024, ikatoka 29 Agosti kwa sababu kulikuwa na dosari katika kuhamisha kompyuta za toleo la zamani. Toleo la 24.04.2 nalo lilisogezwa kutoka 13 hadi 20 Februari 2025. Dosari iliyokamatwa kwao haitakukuta wewe na mteja mlangoni. Basi usipange kazi yako siku ileile iliyotangazwa. Acha wiki mbili au tatu.

Hatua za kufuata
1. Andika ukutani jina la mfumo wa kila kompyuta na mwaka matunzo yake yanapokoma.
2. Chagua siku moja ya mwezi yenye kazi chache, baada ya saa za wateja.
3. Nakili faili zote kwenye diski ya nje, kisha fungua mbili tatu uhakikishe zinasomeka.
4. Anza na kompyuta moja. Jaribu printa, kivinjari na programu ya forodha. Zikienda sawa kwa siku chache, endelea na nyingine.
5. Stima ikisumbua, usianze bila betri yenye chaji au UPS.
6. Kwenye saiba, bandika tangazo siku mbili kabla.

Viraka vya usalama havingoji
Kiraka cha dharura kiwekwe mara kinapotoka, hata kama toleo la matengenezo liko mbali. Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu la usalama katika Windows tarehe 14 Machi 2017. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, kirusi cha WannaCry kilipitia tundu lilelile na kufunga kompyuta duniani kote, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Dawa ilikuwepo kwa takriban miezi miwili.

Matunzo yakikoma
Matunzo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma 14 Oktoba 2025, na ya Ubuntu 20.04 Mei 2025. Kompyuta itaendelea kuwaka kama zamani, na ndiyo maana wengi hawashtuki. Lakini kila tundu jipya linabaki wazi, na nyuma yake kuna nywila na stakabadhi za wateja waliokuamini. Anza kupanga kuhama mwaka mmoja kabla ya ukomo.

Kabla ya kufunga ofisi leo, tazama kompyuta yako ina mfumo gani, kisha uandike tarehe ya matengenezo ya kwanza.