MASOMO YA WAUGUZI: KUMTAZAMA MGONJWA NA KUSEMA NAYE

Kijana aanzaye kujifunza uuguzi hudhani kwamba kazi yake ni sindano na dawa. La, kazi huanza kwa macho na masikio.

Tuseme mama ameteremka kutoka Mlima Elgon, amefika hospitali ya Kimilili na mtoto wa mwaka mmoja na nusu mgongoni. Asema, "Mwanangu ana homa, tena akohoa." Kwa kuwa malaria ni nyingi katika nchi ya Bungoma, mwanafunzi mwenye haraka huandika "malaria" akaita mwingine. Kosa hilo laweza kumwua mtoto, maana nimonia nayo huleta homa.

Basi shika mambo haya:

1. Msalimu. "Mulembe, mama," ni neno dogo, lakini hufungua kinywa. Mpe kiti, kisha uulize, "Ugonjwa ulianzaje?" Mwache aseme hata mwisho. Usimtilie jibu kinywani, kwani wengi huitikia "ndiyo" kwa heshima tu.

2. Uliza dalili za hatari. Je, mtoto ameshindwa kunywa au kunyonya? Hutapika kila kitu? Amepatwa na degedege? Amelegea mno, au hana fahamu? Ikiwapo hata moja, mwite mkubwa wako mara moja.

3. Hesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Kikohozi pamoja na pumzi za haraka ni dalili ya nimonia. Hata hivyo damu ipimwe malaria, kwa maana magonjwa hayo mawili huweza kuwa pamoja.

4. Tunza heshima. Miongoni mwa Wabukusu, mtu na mkwewe huoneana haya sana. Mgonjwa mtu mzima hatasema habari za mwili wake mbele ya mkwe. Kwa hiyo waombe jamaa kwa adabu wangoje nje.

5. Kabla mama hajaondoka, mwambie akueleze yeye mwenyewe jinsi atakavyompa mtoto dawa. Akikosea, mfundishe tena bila kumkemea. Mama aliyekemewa leo huenda kesho akabaki nyumbani na mtoto mgonjwa.

Kuuliza si ujinga, na kusikiliza ni nusu ya tiba.