Umenunua Mkweche wa Mamba Mweusi? Anza na Grisi, Rangi Isubiri

Wakenya wanaiita baiskeli hii Black Mamba. Tanzania wengi tunaiita kwa nembo iliyo kwenye fremu: Phoenix, Raleigh, Hero, Avon. Umbo ni lile lile la Raleigh ya Nottingham, Uingereza. Viwanda vya Shanghai na Ludhiana vililichukua, vikaendelea kuliunda hata Waingereza wenyewe walipokwisha kulichoka. Fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma, uzito wa karibu kilo 20. Imebeba mkaa, kreti za soda, wagonjwa na maharusi, na sasa moja imeegeshwa uani kwako ikiwa na kutu na tandiko lililopasuka. Kabla hujakimbilia kopo la rangi nyeusi, soma haya.

1. Kama bado hujalipa, nenda na uzi.
Funga uzi kwenye tundu la ekseli ya nyuma upande mmoja wa fremu, uzungushe mbele ya shingo ya usukani, urudishe hadi tundu la upande wa pili. Sasa pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Zikilingana, fremu imenyooka. Zikitofautiana sana, baiskeli iliwahi kugongwa au kubebeshwa kupita kiasi, na bei ishuke au uage kwa heri. Kisha pitisha kidole chini ya mabomba mawili, pale yanapokutana na shingo. Ukihisi makunyanzi chini ya rangi, iligonga kitu kwa mbele. Mwisho, jaribu kuzungusha bomba la tandiko. Likiwa limegandia ndani ya fremu, hiyo ni kazi ya siku nzima ambayo muuzaji hakuitaja.

Na risiti udai. Kama hakuna, andikianeni karatasi yenye namba ya fremu mbele ya shahidi.

2. Ijue asili yake ndipo ununue vipuri.
Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Tairi ya baiskeli hizi ni 28 × 1½, na ubavuni utaona namba 635, yaani milimita za kipenyo pale tairi inapokaa kwenye ringi. Madukani kuna tairi nyingine zinazoitwa inchi 28 pia, lakini namba yake ni 622. Hiyo haitaingia hata uivute na koleo. Usiulize "inchi ngapi", soma namba.

Raleigh ina lake jambo: nyuzi za vikombe vya ekseli ya pedali na za shingo, kwa nyingi za zamani, ni 26 kwa inchi, wakati kawaida ya wengine ni 24. Kikombe kipya cha dukani kitaanza kuingia, kitakwama, na ukilazimisha kitakula nyuzi za fremu. Spoki pia zihesabu. Baiskeli za Kiingereza zilizoea 32 mbele na 40 nyuma, kwa hiyo ringi ya kisasa yenye matundu 36 haikufai mbele wala nyuma. Ndiyo maana kifaa cha zamani kilichochakaa kidogo mara nyingi kina thamani kuliko kipya kinachong'aa.

3. Piga picha, tafuta makopo.
Kila unachofungua kipigwe picha kwanza. Kila kopo liwe na sehemu yake: mbele, nyuma, pedali, breki. Vyuma vya breki hasa vina vibanio vidogo vinavyofanana kama mapacha, na havifanani.

4. Kota pini: hapa usiwe na haraka.
Kota pini ni kile kijiti cha chuma kilichochongwa upande mmoja, kinachobana mkono wa pedali kwenye ekseli. Kikikaa miaka 30 bila kuguswa, kinageuka sehemu ya baiskeli. Watu wengi hugonga ovyoovyo, kinapinda, halafu kinatobolewa kwa drili.

Fanya hivi. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, ulale, asubuhi uongeze. Legeza nati hadi usawa wake ulingane na ncha ya pini, usiitoe, maana ndiyo inayolinda nyuzi. Sasa egemeza mkono wa pedali juu ya kipande cha bomba nene kilichosimama sakafuni, pini ipate nafasi ya kushuka ndani yake. Usigonge baiskeli ikiwa imesimama kwa magurudumu yake tu: pigo lote litapita kwenye gololi na kuacha vishimo kwenye vikombe. Nyundo iwe nzito na pigo liwe moja la uhakika. Vipigo kumi vya woga ndivyo vinavyoipinda pini.

Kwa pini mpya, nenda na ile ya zamani dukani, kwa sababu kuna za milimita 9.5 na za 9, na kwa macho huoni tofauti. Upande bapa utahitaji kusuguliwa kwa tupa taratibu, zote mbili kwa kiasi kile kile. Moja nati itazame juu, nyingine chini. Zikielekea upande mmoja, mikono ya pedali haitakaa mstari mmoja, na utakanyaga kama mtu mwenye mguu mfupi.

5. Gololi na grisi, moyo wa kazi yote.
Fundi atakuambia, "Bosi, hizi zimekula, tuweke ekseli mpya." Mjibu kwa upole: "Fundi, tusafishe kwanza tuone." Mara nyingi kilichokwama ni grisi iliyokauka ikawa kama lami. Iyeyushe kwa mafuta ya taa, futa, tazama njia ya gololi kwenye kikombe. Ikiwa laini na inang'aa, kikombe ni kizima. Ikiwa na vishimo, hapo fundi ana haki.

Gololi zenyewe badilisha zote kwa pamoja, ni rahisi. Kwa kawaida ekseli ya pedali inachukua za robo inchi, 11 kila upande. Habu ya nyuma za robo inchi, 9 kila upande. Ya mbele ndogo kidogo, za 3/16, 10 kila upande. Usichanganye mpya na za zamani. Kikombe cha upande wa cheni kiache mahali pake, kisafishe hapo hapo. Ukilazimika kukitoa, kinafunguka kinyume, sawa na pedali ya kushoto.

Koni za gurudumu zibane hivi: lisichezecheze, lakini ukiliachia, valvu ishuke chini yenyewe kwa uzito wake.

6. Breki za vyuma zinataka ringi ya duara kweli.
Mpira wa breki hizi hauminyi ubavu wa ringi. Unavutwa juu, kugusa sehemu ya ndani inayotazama habu. Kwa hiyo ringi yenye kilima itakamata na kuachia, kamata na kuachia, hata kama haiyumbi kushoto na kulia. Mwambie anayenyoosha spoki aangalie yote mawili, kilima na kuyumba. Na kikombe kinachoshika mpira wa breki kina upande uliozibwa: uwe ule ambao gurudumu linaelekea, la sivyo mpira utachomoka siku unayouhitaji. Mvua ikinyesha, anza kubana breki mapema. Ringi ya chuma ikilowa haishiki vizuri, na hilo halina dawa.

7. Cheni.
Weka rula. Inchi 12 kuanzia katikati ya pini moja ziishie katikati ya pini nyingine. Ikipita kwa moja ya nane ya inchi, cheni imekwisha, tena huenda imekula na meno. Klipu ya kiungio, upande uliofungwa utangulie mwendo.

Ukiwa unakaa kwenye vilima, badilisha na friwili. Ikiwa na meno 18, weka yenye 20 au 22. Hakuna shilingi utakayoitumia vizuri zaidi kwenye chuma hiki.

8. Upepo unaopungua kila usiku si lazima uwe pancha.
Fungua valvu ya kizamani utaona kipira chembamba kilichovikwa kwenye kijiti. Kikipasuka au kikilegea, upepo unatoka polepole. Nunua vichache, vitie kwenye kimfuko chini ya tandiko.

9. Tandiko la ngozi usilioshe kwa mafuta.
Mafuta ya kupikia au ya injini yanalainisha ngozi hadi inalegea kama machela. Paka mafuta maalumu ya ngozi, kidogo, kwa chini zaidi. Bolti ya mbele ya kukaza izungushe nusu tu, ungoje.

10. Rangi, kama ni lazima.
Mimi nasema usipake. Mistari ya dhahabu na nembo ya kichwa cha korongo kwenye Raleigh havirudi vikishapuliziwa rangi nyeusi ya kopo. Osha kwa maji ya sabuni, kausha, paka polishi ya gari. Kwenye kromu, kunja karatasi ya alumini ya jikoni, ichovye kwenye maji, sugua. Alumini ni laini kuliko kromu, hivyo inaondoa kutu bila kukwaruza. Utaona uji mweusi, uufute. Ndani ya mabomba mimina mafuta ya injini kidogo kupitia tundu la tandiko, uigeuzegeuze fremu, maana kutu inayovunja baiskeli huanzia ndani.

11. Usijaribu kuipunguza uzito.
Watu hung'oa madigadi, keria na kifuniko cha cheni, wanaokoa kilo mbili tatu, wanapata suruali yenye grisi na mgongo wenye matope. Anayetaka baiskeli nyepesi ainunue nyepesi. Hii yako ikae na keria yake. Ukimaliza, izungushe mtaani ikiwa tupu, urudi ukaze kota pini mara moja zaidi, kwa sababu hulegea zikishakalia nafasi yake. Baada ya hapo, kapakie gunia.