Ndugu Watatu wa Nyumba ya Obuya

Katika nchi ya Unyamwezi kazi nyingi zilirithiwa. Zamani za misafara, wakati njia ilipotoka Bagamoyo ikapita Tabora na kufika Ujiji, kijana hakufundishwa upagazi darasani. Alimfuata baba yake au kaka yake njiani, akabeba mzigo mdogo, akatazama jinsi wakubwa wafungavyo mizigo na kutunza maji, na alipopata nguvu za mtu mzima alikuwa mpagazi tayari. Mtoto wa mhunzi naye alianza kwa kuvukuta mivukuto ya baba yake. Nasi twajua katika Injili ya kuwa wana wa Zebedayo walikuwa wavuvi chomboni pamoja na baba yao.

Je, mchezo nao waweza kurithiwa vivyo hivyo? Somo hili lina habari za nyumba moja ya Nairobi, katika nchi ya Kenya, ambayo watoto wake watatu walicheza mchezo mmoja kwa ajili ya taifa lao, na mdogo wao akaitwa Ulaya kuucheza kwa mshahara.

Mchezo wenyewe ni kriketi. Mtoto wa Choma ajua mpira wa miguu tangu utoto, lakini huenda kriketi hajaiona kwa macho, basi yafaa tuieleze kidogo. Wachezaji ni kumi na mmoja kila upande. Katikati ya uwanja pana njia ngumu iliyoshindiliwa, urefu wake wapata hatua 22, na kila mwisho wa njia vimesimamishwa vijiti vitatu. Hivyo ndivyo viitwavyo wiketi. Mrushaji hutupa mpira mdogo mgumu wa ngozi, akijaribu kuviangusha vijiti. Mpigaji husimama mbele ya vijiti, ameshika gongo pana la mti, naye huupiga mpira mbali, kisha yeye na mwenzake hukimbia wakipishana katika njia ile. Kila mara wafikapo huhesabiwa mkimbio mmoja. Mpigaji akiangushiwa vijiti vyake, au mpira alioupiga ukidakwa kabla haujagusa chini, hutoka, na mwingine huingia. Watu husema wiketi imeanguka. Wiketi kumi zikianguka zamu imekwisha. Mipira sita huitwa ova, na katika michezo mikubwa ya siku moja kila upande hupata ova 50, yaani mipira 300.

Nyuma ya vijiti hukaa mtu mmoja mwenye glavu kubwa, mlinda wiketi. Mkumbuke mtu huyu, maana atatokea tena.

Mchezo huu uliletwa Afrika ya Mashariki na Waingereza, na waliouendeleza sana mijini ni Wahindi, waliojenga viwanja na kufanya vyama vyao. Mwaka 1975, Kombe la Dunia la kriketi lilipochezwa mara ya kwanza kule Uingereza, timu moja ilikwenda kwa jina la Afrika ya Mashariki, na wachezaji wake karibu wote walikuwa Wahindi na Wazungu. Waafrika wengi walikuja baadaye, nao wakaja kwa jamaa nzima nzima. Hilo ndilo jambo la ajabu.

Sasa tutazame nyumba ya Obuya. Wa kwanza ni Kennedy, aliyezaliwa mwaka 1972. Anayemfuata katika habari zetu ni David, wa mwaka 1979, na mdogo wao ni Collins, wa mwaka 1981. Lakini mgeni aliyesoma orodha za wachezaji wa Kenya wakati ule hakuweza kujua kwamba watatu hawa ni ndugu, kwa kuwa Kennedy aliandikwa Otieno, na wadogo zake wakaandikwa Obuya. Maana yake ni hii. Wajaluo humpa mtoto jina kwa saa aliyozaliwa. Otieno ni mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku. Onyango ni wa asubuhi jua likiisha kupanda. Odhiambo ni wa alasiri. Kwetu nako majina husema. Ukikutana na mtu aitwaye Kulwa, huna haja ya kuuliza kama ana pacha wake. Wajua kwamba Doto yuko mahali. Mgeni wa mbali hasikii neno hilo katika jina, yeye huona herufi tu.

Kennedy alikuwa mpigaji, tena mlinda wiketi. Mwaka 1996 Kenya iliingia Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza kwa jina lake yenyewe, na michezo yake ikachezwa India na Sri Lanka. Tarehe 23 Februari Kenya ilikutana na Australia, na Kennedy peke yake akapata mikimbio 85. Kenya ilishindwa siku ile. Baada ya siku sita, mjini Pune, Kenya ilipata mikimbio 166 tu juu ya West Indies, timu iliyokuwa imekwisha kuchukua Kombe la Dunia mara mbili, na watu wakadhani mambo yamekwisha. West Indies walitoka wote kwa mikimbio 93. (Fanyeni hesabu: Kenya ilishinda kwa mikimbio mingapi?) Wakati huo David alikuwa na miaka 16, na Collins miaka 14.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, Kennedy na mwenzake Dipak Chudasama walianza zamu juu ya Bangladesh mjini Nairobi. Wakakaa, wakakaa. Wiketi ya kwanza ilipoanguka mikimbio ilikuwa 225. Hakuna wapigaji wawili wa kwanza duniani waliokuwa wamefika hapo katika mchezo wa mataifa wa siku moja. Kennedy alipata 144, na Chudasama 122.

Ni rahisi kusema kwamba wadogo walikuwa na bahati kuwa na kaka kama huyu. Lakini fikirini habari ya David. Yeye pia alikuwa mpigaji, naye pia alikuwa mlinda wiketi, na katika timu mlinda wiketi ni mmoja tu. Katika nyumba moja walikuwamo watu wawili wa kiti kimoja. Mdogo wa namna hii huwa na njia mbili, kuacha au kungoja, na David alingoja. Aliingia timu ya taifa mwaka 2001, na miaka kumi baadaye, katika Kombe la Dunia la 2011, alikuwa bado akiichezea Kenya.

Collins alishika njia nyingine. Naye aliingia timu ya taifa mwaka 2001, lakini alikuja kama mrushaji wa mpira wa kuzungushwa. Warushaji wengi hutegemea mbio. Hutupa mpira kwa nguvu ili mpigaji asiuwahi. Mwenye kuzungusha hutupa polepole, ila mpira autoapo mkononi huusokota kwa kifundo cha mkono na vidole. Mmepata kucheza pia? Pia izungukayo ikigusa jiwe huruka upande usioutazamia. Mpira nao ni hivyo: ukianguka mbele ya mpigaji hugeuka, na gongo hupiga hewa. Kazi hii ni ngumu kuliko zote katika kriketi, na ni wepesi kuipoteza.

Mwaka 2003 Kombe la Dunia lilichezwa Afrika ya Kusini, Zimbabwe na Kenya. Wote watatu, Kennedy, David na Collins, walichaguliwa katika kikosi cha Kenya. New Zealand walikataa kuja Nairobi wakihofia usalama, hata Kenya ikapewa ushindi bila kucheza, na wengine wakasema kwamba timu hii inapanda kwa bahati. Tarehe 24 Februari wakaja Sri Lanka, waliokuwa wamechukua Kombe mwaka 1996. Mchezo ulikuwa Nairobi. Kennedy akafungua zamu akapata mikimbio 60, mingi kuliko mwenzake yeyote wa Kenya, na jumla ikawa 210 kwa wiketi 9.

Kisha ikawa zamu ya mdogo. Collins alirusha ova zake kumi zote bila kubadilishwa. Aravinda de Silva, ambaye miaka saba nyuma ndiye aliyewapatia Sri Lanka Kombe, alitolewa naye. Jayawardene naye alitolewa. Na Sangakkara vivyo hivyo. Wiketi tano kwa mikimbio 24, kazi ya kijana wa miaka 21. Sri Lanka wakaishia 157. Wachezaji wa Kenya wakauzunguka uwanja mbio, na watu wakashangilia kama siku ya sikukuu. Kenya iliendelea mpaka michezo minne ya mwisho, ikashindwa na India mjini Durban tarehe 20 Machi kwa mikimbio 91. Hakuna taifa jingine la Afrika Mashariki lililopata kufika hapo.

Baada ya hayo Collins akaitwa Uingereza na chama cha Warwickshire, katika mji wa Birmingham, awe mchezaji wa kulipwa. Lazima tueleze neno hili. Wenzake wengi wa Kenya walikuwa na kazi zao, wakicheza baada ya kazi. Mchezaji wa kulipwa mchezo ndio jembe lake.

Lakini kabla hatujaendelea naye, tuulize: kwa nini nyumba moja itoe wachezaji watatu? Tena nyumba ya Obuya haikuwa peke yake. Akina Tikolo walikuwa watatu, Tom, David na Steve, na Steve alicheza katika Makombe ya Dunia matano, 1996 hata 2011. Akina Odumbe walikuwa wawili, na akina Suji wawili. Nyumba ya Ngoche ilizidi wote. Lameck Onyango alikuwa katika kikosi cha 1996. Wadogo zake Nehemiah Odhiambo, James Ngoche na Shem Ngoche wote watatu walikuwa katika kikosi cha 2011. Na dada zao Mary Bele na Margaret Banja wakaichezea timu ya wanawake ya Kenya, Margaret akiwa nahodha. Ndugu sita! Yuko pia Mwingereza Don Pringle, mkaaji wa Kenya, aliyeichezea Afrika ya Mashariki katika Kombe lile la 1975, akafa mwaka huo huo kwa ajali ya motokaa. Mwanawe Derek, mzaliwa wa Nairobi, akawa mchezaji wa kulipwa katika jimbo la Essex, na mwaka 1992 aliichezea Uingereza katika mchezo wa mwisho wa Kombe la Dunia.

Wako wasemao ni damu. Mwandishi wa somo hili haoni hivyo. Kriketi ni mchezo wa vyombo: gongo, mpira wa ngozi, kinga za miguu, glavu, na vyote vina bei kubwa. Mtoto wa maskini hawezi kuvinunua. Lakini kaka akiisha kuvileta nyumbani, mdogo huvishika kaka apumzikapo. Pili, mchezo huu hauchezwi na mtu peke yake. Mpigaji hana budi kupata mrushaji, na mrushaji hana budi kupata mpigaji. Penye ndugu wawili uani, shule imekwisha kufunguliwa. Na mdogo hurushiwa na mtu mwenye nguvu kuliko yeye, wala hahurumiwi, kwa sababu kaka hapendi kushindwa na mtoto. Wale waliorithi upagazi nao hawakuzaliwa na mabega magumu.

Turudi kwa Collins. Kule Uingereza hakukaa sana, kisha ule ujuzi wa mkono ukaanza kumtoka. Mpira haukugeuka tena kama zamani. Na nyumbani mambo yaliharibika: mwaka 2004 wachezaji walianza kugombana na wakuu wa kriketi juu ya malipo, wengine wakakataa kucheza, na chama cha zamani kikavunjwa mwaka 2005. Mtu aliyejulikana duniani kwa kitu kimoja tu, akinyang'anywa kitu hicho, watu humsahau upesi. Collins alishika gongo, kazi ya kaka zake. Alianza kujifunza tena, akiwa mtu mzima, kile ambacho Kennedy na David walikijua tangu ujana.

Tarehe 13 Machi 2011, mjini Bangalore, Australia walipata mikimbio 324 juu ya Kenya. Hakuna aliyetazamia Kenya ishinde, wala haikushinda, ilifika 264. Lakini wiketi sita tu ndizo zilizoanguka, na Collins hakutolewa. Yeye na Tanmay Mishra waliongeza mikimbio 115 pamoja. Ova zilipokwisha, Collins alikuwa na mikimbio 98. Kwa mpigaji wa kriketi mia ndiyo heshima, nayo huandikwa kando ya jina lake daima. Yeye alibakiza miwili, na mipira ilikuwa imekwisha.

Mwaka huo huo akafanywa nahodha wa Kenya. Mwaka 2014 Kenya ikaondolewa katika daraja ya mataifa yachezayo michezo mikubwa ya siku moja, na watazamaji wakapungua viwanjani. Kennedy na David walikuwa wamekwisha kuweka magongo chini. Collins aliendelea kuichezea nchi yake miaka kumi mingine, mpaka michezo ya Afrika iliyofanyika Accra, nchi ya Ghana, mwezi wa Machi 2024. Alipoaga alikuwa na umri wa miaka 42.