Kuunganisha Kisomaji cha Alama za Vidole na Kompyuta kwa Maikrokontrola: Maswali na Majibu

Kisomaji cha alama za vidole cha aina ya R307 ni moduli ndogo inayomulika kidole, kukipiga picha na kuilinganisha picha hiyo na alama zilizohifadhiwa ndani yake. Maikrokontrola, kwa mfano ATmega328P iliyo kwenye bodi ya Arduino Uno, hukaa katikati: upande mmoja huamuru kisomaji, upande wa pili huipa kompyuta matokeo kupitia kebo ya USB.

Kwa nini kisomaji kisiunganishwe moja kwa moja na kompyuta?

Kinaweza kuunganishwa hivyo kwa adapta inayogeuza mawasiliano ya mfululizo kuwa USB, na kwa majaribio ya mezani hiyo yatosha. Maikrokontrola huhitajika pale kidole kinapotakiwa kufanya kazi nyingine papo hapo: kufungua kitasa cha umeme, kuwasha taa au kuliza kengele, hata kompyuta ikiwa imezimwa.

Nyaya huunganishwaje?

Nyaya nne zinatosha: umeme, GND (ardhi), TX (kutuma) na RX (kupokea). R307 hutumia umeme wa volti 4.2 hadi 6, kwa hiyo pini ya volti 5 ya Uno huifaa. TX ya kisomaji huingia kwenye pini ya kupokea ya Uno, na RX yake kwenye pini ya kutuma. Rangi za nyaya hutofautiana kati ya watengenezaji, hivyo kinachofuatwa ni karatasi ya maelezo ya moduli yenyewe.

Nyaya za data za kisomaji hutumia volti 3.3, ilhali Uno hutuma volti 5. Njia salama ni kuweka rezista mbili kwenye waya unaotoka Uno kwenda kisomaji: ya kiloomu 1 mfululizo na waya, na ya kiloomu 2 kutoka upande wa kisomaji kwenda GND. Volti 5 hushuka hadi takriban 3.3. Waya unaorudi hauhitaji rezista, kwa kuwa Uno huitambua volti 3.3 kuwa ni 1.

Pini 0 na 1 za Uno ndizo zinazotumika pia kuwasiliana na kompyuta. Kwa sababu hiyo kisomaji huwekwa kwenye pini nyingine, mara nyingi 2 na 3, kwa msaada wa programu ya SoftwareSerial. Arduino Mega, yenye njia nne za mfululizo, haihitaji mbinu hiyo.

Ujumbe unaopita kwenye waya uko vipi?

Kwa kawaida kisomaji huanza na kasi ya biti 57,600 kwa sekunde. Amri ya kupiga picha ya kidole, ikiandikwa kwa heksadesimali, ni baiti 12:

EF 01 FF FF FF FF 01 00 03 01 00 05

EF 01 ni kichwa cha ujumbe. FF nne ni anwani ya kisomaji. 01 inayofuata hueleza kuwa hii ni amri, 00 03 ni urefu wa kilichobaki, na 01 ndiyo amri yenyewe. 00 05 ni jumla ya uhakiki, yaani 01 + 00 + 03 + 01. Picha ikipatikana, jibu hubeba 00. Kama hakuna kidole juu ya kioo, hubeba 02. Mtu anayetumia maktaba ya Adafruit kwa visomaji hivi halazimiki kuandika baiti hizo kwa mkono, lakini akizifahamu hupata hitilafu kwa haraka zaidi.

Kidole husajiliwa na kutambuliwa vipi?

Katika usajili, kidole huwekwa mara mbili. Kila mara kisomaji hupiga picha na kutafuta mahali mistari ya ngozi inapokoma au kugawanyika. Matokeo hayo mawili huunganishwa kuwa kiolezo kimoja, nacho huhifadhiwa chini ya namba, tuseme 17. Wakati wa utambuzi, picha moja hutosha: kisomaji hutafuta kwenye hifadhi yake, kisha hurudisha namba ya kiolezo pamoja na alama ya ulinganifu.

Kompyuta hupokea nini?

Hupokea kile ambacho maikrokontrola imeprogramiwa kuandika. Mstari mfupi kama ID=17 unatosha. Programu ya Python inayotumia maktaba ya pyserial husoma mstari huo, hutafuta namba 17 kwenye hifadhidata na kuandika jina na saa ya kuingia. Kwenye Windows, Uno huonekana kama mlango wa mfululizo COM3 au wenye namba nyingine. Kwenye Linux huwa /dev/ttyACM0, au /dev/ttyUSB0 kwa bodi zenye chipu ya CH340.

Je, picha ya kidole inaweza kufikishwa kwenye kompyuta?

Inaweza, ila kazi ni nzito. Picha ina nukta 256 kwa 288, na kila nukta hutumwa kwa biti 4, hivyo jumla ni baiti 36,864. Kumbukumbu ya kazi ya Uno ni baiti 2,048 tu. Bodi haiwezi kuishika picha nzima, bali huipitisha vipande vipande kadiri inavyofika. Kwa vipande vya baiti 128, picha hugawanywa kuwa ujumbe 288 na huchukua takriban sekunde 7. SoftwareSerial hupoteza baiti kirahisi katika mtiririko huo. Arduino Mega au maikrokontrola ya ESP32 hufaa zaidi.

Kisomaji kisipojibu, ukaguzi uanzie wapi?

Kwanza TX na RX, kwani hubadilishwa nafasi mara nyingi. Pili, GND ya vifaa vyote iwe moja. Tatu, kasi ya mawasiliano ilingane pande zote. Ikiwa tatizo liko upande wa kompyuta, dirisha jingine linaloshikilia mlango uleule lifungwe. Aidha, Uno hujiwasha upya programu inapofungua mlango, kwa hiyo programu ya kompyuta isubiri takriban sekunde 2 kabla ya kutuma amri.

Usalama wa taarifa uzingatiwe vipi?

Neno la siri likivuja hubadilishwa, kidole hakibadilishwi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinaziweka taarifa za kibayometriki katika kundi la taarifa nyeti. Kitasa kidhibitiwe na bodi iliyofungiwa ndani ya chumba, ili anayekata nyaya za nje asiweze kutuma jibu la uongo moja kwa moja kwenye kitasa. Kwa mahudhurio na milango ya kawaida, mpangilio bora ni kuacha violezo ndani ya kisomaji na kuipelekea kompyuta namba peke yake.