SOMO LA KAZI ZA MIKONO: SKUTA YA MBAO KWA WATOTO WETU

Katika somo hili tunajifunza kutengeneza skuta ya mbao. Mtasema hicho ni kitu cha kuchezea tu. Lakini mtoto huyo huyo anayetaka kucheza ndiye anayetumwa bombani na mtungi wa lita 20. Maji hayo ni kilo 20, na mara nyingi anayebeba ni msichana kabla ya kwenda shule. Basi skuta iliyotengenezwa vizuri inampa mtoto furaha na kumpunguzia mzigo. Iliyotengenezwa vibaya inamvunja mguu.

Tumejifunza kwa ndugu zetu wa Kongo

Huko Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, watu wana skuta kubwa ya mbao iitwayo chukudu. Ina magurudumu mawili ya mti yaliyovalishwa raba ya tairi kuukuu. Wanaume hubebea viazi, makaa na saruji, mamia ya kilo kwa safari moja. Wakipanda mlima husukuma, wakiteremka hupanda. Mjini Goma chukudu imejengewa sanamu kubwa katikati ya barabara, iliyozinduliwa mwaka 2009. Chukudu haina injini wala haihitaji petroli, na mafundi wa kijijini ndio wanaoitengeneza. Sisi tutatengeneza ndogo, ya mtoto wa miaka 8 hadi 12.

Kuna tofauti moja. Ifo ni mchanga. Gurudumu dogo la beringi, wanalotumia watoto wa mjini kwenye lami, hapa litazama. Kwa hiyo gurudumu letu lazima liwe kubwa na pana.

Mbao itoke wapi?

Tusikate mti mbichi wa kienyeji. Tangu kambi ya Ifo ilipoanzishwa mwaka 1991, miti ya karibu imekwisha kwa kuni na ujenzi, na jambo hilo limeleta ugomvi na wenyeji. Tena tukumbuke kwamba wanawake wengi walishambuliwa porini walipotafuta kuni, hasa miaka ya 1990. Msimtume mama wala mtoto mbali kutafuta mbao ya skuta.

Tumieni mbao za paleti, fremu za milango iliyovunjika, au mathenge. Mathenge ulipandwa Bura na Hola kwenye mto Tana miaka ya 1980, sasa umekuwa adui: miiba yake hutoboa tairi na maganda yake huharibu meno ya mbuzi. Lakini mti wake ni mgumu na mzito, haupasuki ovyo. Ukatwe na watu wazima, kwa ruhusa ya wenyeji, kisha ukaushwe kivulini wiki kadhaa. Pakeni oili chafu kwenye ncha zake zisifanye nyufa.

Vifaa

Ubao wa kusimamia: urefu sm 90, upana sm 20, unene sm 5. Mbao za paleti za magurudumu. Mbao mbili za shingo, kila moja sm 65. Mti wa usukani sm 90, upana sm 8, na mpini sm 45. Vyuma viwili vya ekseli. Skrubu nne nene zenye pete na chuma kimoja cha kupita ndani yake. Bolti, misumari, tairi kuukuu, grisi. Msumeno, nyundo, patasi na keekee mnaweza kuazima kwa fundi wa jua kali.

Hatua za kazi

1. Magurudumu. Pangeni mbao tatu safu: ya pili ikate ya kwanza msalaba, ya tatu ikate ya pili. Gongomeeni pamoja na mkunje ncha za misumari. Hapo gurudumu halipasuki. Fungeni kamba ya sm 12 kwenye msumari wa katikati, mchore duara, mkate. Unene uwe kama sm 6.

2. Tundu. Toboeni katikati kabisa, muingize kipande cha bomba la chuma ambacho ekseli inapita bila kubana. Chuma juu ya chuma chenye grisi kinadumu. Chuma juu ya mti kinakula tundu.

3. Raba. Mkanda wa kama sm 76 unatosha kuzunguka gurudumu moja. Pimeni kwanza kabla ya kukata. Vichwa vya misumari vizame ndani ya raba.

4. Nyuma. Kateni nafasi ya upana sm 8 na urefu sm 20 katikati ya mwisho wa ubao. Ekseli ipite kwenye mikono miwili iliyobaki, sm 5 kutoka mwisho. Gurudumu lizunguke bila kugusa.

5. Shingo. Fungeni mbao mbili ubavuni mwa ubao, zipande kwa mshazari kwenda mbele. Kila upande bolti mbili, sio moja, kwa sababu bolti moja huzunguka. Juu, kati yake, wekeni gogo la upana sm 20. Hicho ndicho kichwa. Kitangulie ubao kwa sm 20.

6. Usukani. Pete mbili zifungwe mbele ya kichwa, mbili nyuma ya mti wa usukani, kisha chuma kipite kwenye zote nne. Pete ya kichwa ikae juu ya pete ya usukani, maana uzito wa mtoto unashuka chini. Chini ya mti wa usukani fungeni mbao mbili za kushika gurudumu la mbele. Teremsheni kamba yenye jiwe kutoka kwenye pete: ekseli iwe pale pale chini yake. Ikikaa mbele, usukani utapinda wenyewe na mtoto ataanguka.

Breki ni lazima

Gongomeeni kipande kinene cha tairi juu ya ubao, kininginie juu ya gurudumu la nyuma. Mtoto akikikanyaga, kinasugua gurudumu na skuta inasimama. Skuta isiyo na breki isitoke kwa fundi. Kabla ya kumpa mtoto, mtu mzima aisukume kwa nguvu mara kumi, kisha mkaze bolti tena. Laini kwa msasa kila mahali mkono unaposhika.

Wazazi, kataza barabara ya magari. Na mzigo? Mtoto wa miaka 10 asipakie zaidi ya mtungi wa lita 10, tena auteremshe kwanza kabla ya kupanda yeye. Skuta hii isigeuke kuwa sababu ya kumwongezea mtoto kazi. Akishachota maji, mwachieni acheze.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Katika bloku yetu ni watoto gani wanaobeba maji, na wanaenda umbali gani?
2. Tukitengeneza skuta moja ya kikundi, zamu itapangwaje ili wasichana nao wapate, sio wavulana peke yao?
3. Nani atakagua bolti na raba kila wiki?
4. Je, vijana wetu wanaweza kujifunza ufundi huu na kupata kipato kidogo?

Anzeni na skuta moja. Mkiijua, ya pili itakuwa rahisi. Mwenyezi Mungu abariki mikono yenu, wa kanisani na wa msikitini pamoja.