Betri ya pikipiki: pima kwanza kabla hujanunua nyingine

Leo siongelei mtaji wala wateja wa mkopo. Naongelea betri ya pikipiki, kwa sababu wengi wetu mzigo wetu unatembea kwa pikipiki, na mimi betri imenila hela mara mbili kwa kosa moja.

Duka langu liko Endulen. Nauza sukari, unga, sabuni, vocha, na katikati ya wiki napeleka mzigo Esere na Kakesio. Spea nazitoa Karatu, na Karatu siyo hapo nje. Unapanda mpaka ukingo wa kreta, unauzunguka, unashuka mpaka geti la Loduare ndipo unaikuta lami. Kwa hiyo kinachoweza kufanyika nyumbani tunakifanya nyumbani.

Mwaka jana betri yangu ilianza kuchoka. Asubuhi na baridi hii ya kwetu, ukibonyeza stata inafanya tik, tik, basi. Honi ikawa inalia kama mbuzi mgonjwa. Nikamwagiza dereva anilete betri mpya, 35,000. Nikaifunga mwenyewe, pikipiki ikawaka vizuri, nikajiona fundi.

Wiki ya saba ikafa. Nilikuwa natoka Kakesio jioni, taa ikafifia mpaka ikawa kama njiti ya kiberiti, na mbele yangu nyati wawili wamesimama barabarani. Nilikaa pale karibu saa nzima na tochi ya simu, nanyamaza kimya, mpaka walipoingia porini. Nilifika nyumbani saa nne usiku. Mama hakuuliza habari za mauzo. Aliuliza tu kwa nini sikulala huko huko.

Nilishuka Karatu na hasira za kumlalamikia muuza betri. Fundi mmoja aliyekaa nje ya duka akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, "Dogo, pikipiki yako inachaji?" Sikuwa na jibu. Alipopima, rektifaya ilikuwa imekufa, kile kidude cha bati chenye mapezi ambacho kinapokea umeme wa injini na kuupeleka kwenye betri. Betri ya kwanza pengine haikuwa na kosa. Ya pili hakika haikuwa na kosa, ila iliachwa kwa njaa muda mrefu, na betri ya asidi ikikaa bila chaji inaharibika kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, tafuta mita ya kupimia volti. Mimi nilinunua ndogo kwa 15,000, na hata kwenye sola ya duka naitumia. Pima betri pikipiki ikiwa imezimwa tangu usiku. Betri nzima iliyojaa inasoma 12.6 mpaka 12.8. Ikiwa chini ya 12, imeisha chaji au imechoka. Sasa washa kwa kiki, piga resi ya kati, pima tena pale pale. Inatakiwa ipande, iende kama 13.5 mpaka 14.5. Isipopanda kabisa, haichaji: angalia fyuzi, soketi za waya na rektifaya kwanza. Ikipita 15, rektifaya inapeleka umeme mwingi mno, itachemsha betri yako mpya mpaka maji yakauke. Lakini kama inachaji vizuri, na ukiijaza betri jioni asubuhi imeshuka tena, hapo ndipo betri yenyewe imekufa. Nunua.

Ukinunua, nenda na ya zamani, au namba zake. Volti 12, na ampea zilezile (yangu ni 5). Angalia pia alama ya + iko upande gani, maana ikiwa upande mwingine waya haufiki.

Betri za kumwagia asidi ndizo zinazotusumbua watu wa mbali. Usisafirishe ikiwa imejazwa kama unaweza kuepuka. Suruali yangu ya jinsi niliiona ina matobo baada ya kufua, na barabara ile unaijua. Ukishaijaza asidi mpaka mstari wa juu, iache nusu saa, kisha ichaji kabla ya kuifunga. Moto wake ni sehemu ya kumi ya ampea zake, yaani betri ya ampea 5 inataka nusu ampea. Paneli ya wati 10 ikiwa kwenye jua kali inatoa karibu kiasi hicho, ipitishe kwenye kontrola. Vifuniko viwe wazi, nje, mbali na moto wa jikoni, kwa sababu inatoa hewa inayolipuka. Na kile kikofia kidogo kilichoziba tundu la hewa pembeni, king'oe, uvalishe mpira wa kupumulia. Wengi wanakisahau, hewa inakosa pa kutokea, betri inavimba au inapasuka. Baadaye ikipungua ongeza maji ya betri yale yasiyo na asidi. Asidi haiongezwi.

Kufunga kwenyewe ni dakika kumi. Vua bangili na saa ya chuma. Piga picha ya waya kwa simu, maana rangi zinadanganya, kuna pikipiki waya wa hasi ni wa kijani. Fungua hasi kwanza. Sababu ni hii: bodi nzima ya pikipiki ni hasi, ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche zinaruka. Wakati wa kurudisha, chanya inaanza, hasi inamalizia. Ukigeuza waya, fyuzi inakatika ukiwa na bahati. Usipokuwa na bahati, unaunguza rektifaya. Vichwa vya waya vyenye unga mweupe au wa kijani vioshe kwa maji ya magadi, yanaua asidi, ila yasiingie ndani ya betri. Kausha, kaza, pakaa grisi kidogo, kaza na mkanda wa mpira ili betri isicheze. Halafu pima tena injini ikiwaka. Mimi naandika tarehe kwenye betri kwa kalamu ya wino mzito.

Ile ya zamani usiitupe nyuma ya boma. Ndani ni risasi, na ng'ombe wanapenda kulamba betri iliyopasuka. Risasi inaua ng'ombe, na watoto inawaharibu ubongo. Yangu niliifunga kwenye ndoo yenye mfuniko, juu, mpaka gari liliposhuka Karatu, nikamuuzia mnunuzi wa chuma chakavu. Hela ilikuwa ya soda tu.